Nyembe za babu zimeshika kutu, na povu la sabuni halikai: naomba ushauri wenu

Mjukuu wa Kinyozi, Malindi

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Babu yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Darajani, hapa Unguja, na kwa umri wake wote wa kazi alinyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa bamba moja la chuma linalolala ndani ya mpini wake, hadi pale macho yalipomkataza. Aliniachia kisanduku cha mbao ambacho ndani yake mna nyembe nne, mkanda wa ngozi wa kusugulia, na jiwe la kinoo lenye tabaka mbili zilizogandana, moja ya rangi ya manjano iliyofifia na nyingine ya kijivu kilichoiva. Kisanduku hicho nilikiweka juu ya kabati kwa miaka sita bila ya kukifungua, kwa sababu kila nilipokigusa nilimwona yeye.

Nilipokifungua hatimaye, nyembe zote zilikuwa zimeshika kutu. Wa kwanza ni mpana na mzito, umenenepa mgongoni na kupungua sawasawa mpaka kwenye makali kama kabari, na shina lake limepigwa chapa ya taji, herufi V na R, na neno Sheffield, mji wa Uingereza. Mpini wake ni mweupe uliogeuka manjano, una mistari myembamba sana, nami nadhani ni pembe ya ndovu. Wa pili umeandikwa Solingen, mji wa Ujerumani, na mbavu zake zimechimbwa kiasi kwamba ukizigusa kwa ukucha unasikia mlio. Wa tatu hauna maandishi ninayoweza kuyasoma. Mpini wake una mabaka ya kahawia kama gamba la ng'amba, na jambo linalonishangaza ni kwamba kutu yake, ambayo ni mbaya kuliko zote, imekaa pale tu bamba linapolala ndani ya mpini.

Wa nne ndio unaonitia uchungu. Kwa haraka yangu niliupeleka kwa fundi mmoja mwenye gurudumu la umeme, akausugua kwa dakika chache tu, ukarudi unang'aa kama kioo. Chapa ilikuwa imefutika, na kwenye ukingo wa makali palikuwa na mstari wa zambarau unaoishia katika buluu. Tangu siku hiyo kila nikiunoa hupata makali, lakini nikifika shavu la pili huwa unang'oa ndevu badala ya kuzikata. Je, umekwisha? Na hizi tatu zilizobaki nizisafishe vipi bila ya kuziua kama nilivyoua huo?

Nina maswali mengine mawili. Nimeweka akiba ili ninunue wembe mmoja uliofuliwa kwa mkono na mhunzi wa zama hizi, kwa kuwa nataka mkusanyo huu uendelee na usiishie kwa marehemu, na ningependa kujua niangalie nini kabla ya kutoa fedha. Pia napenda sana sabuni za kunyolea za kizamani zinazochapwa kwa brashi ndani ya bakuli, lakini povu langu linapanda kisha linakufa kabla sijamaliza shavu moja, na bakulini hubaki utando mweupe. Maji ninayotumia ni ya kisima cha nyumbani.

Mkusanyaji wa Wete, Pemba

Wa alaykumu s-salaam ndugu yangu, na pole kwa wembe wako.

Rangi uliyoiona imekwisha kukueleza kila kitu. Chuma cha wembe hupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kikazamishwa ghafla katika mafuta au maji, na hapo kinakuwa kigumu mno lakini chenye kukatika kama kigae. Kwa hiyo mhunzi hukirudisha kwenye moto mdogo, karibu nyuzijoto 200 za Selsiasi, ili kipunguze ukavu huo na kibaki na ugumu wa kushika makali. Ukikipasha zaidi ya hapo, ugumu nao unaondoka, na chuma chenyewe kinakuonyesha kwa rangi: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 na kidogo, zambarau karibu na 280, buluu karibu na 300. Gurudumu la umeme hufikia joto hilo kwenye ukingo mwembamba kwa muda wa kupepesa jicho, kwa sababu hapo hapana nyama ya chuma ya kulibeba joto. Kama mstari wa zambarau ni mwembamba kuliko milimita moja, mtu mwenye subira anaweza kuula kwa jiwe mpaka akafikia chuma kizima nyuma yake. Ukiwa mpana kuliko hivyo, uhifadhi kama kumbukumbu ya babu yako wala usiendelee kuusumbua.

Sasa wembe wa tatu, ambao nakuomba uutoe kisandukuni leo kabla hujalala. Sugua mpini wake kwa nguvu kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha uunuse. Ukisikia harufu ya kafuri, basi huo si ng'amba, ni seluloidi, ambayo hutengenezwa kwa nyuzi za mimea zilizotiwa asidi ya naitriki na kuchanganywa na kafuri. Seluloidi ikizeeka huvunda na kutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo ndio unaokula bamba pale pale linapolala, kisha unahamia kwa nyembe za jirani. Usiujaribu kwa moto, kwa maana seluloidi hushika moto kwa ghafla sana. Utenge peke yake mahali penye hewa, bamba likiwa wazi nje ya mpini, na ukipata fundi mwangalifu abadilishe mpini kwa mpingo au kwa pembe ya ng'ombe, bamba litapona.

Kwa hizo mbili nyingine, kanuni yangu ni kwamba mashine haiingii. Tia mafuta ya cherehani, uache usiku kucha, kisha sugua kwa msasa laini wa namba 1000 na baadaye 2000 uliozungushiwa kipande cha kizibo cha chupa, kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, kamwe si kinyume chake. Kutu nyekundu ndiyo iliyo hai na inapaswa kutoka. Weusi unaobaki chini yake umekwisha kutulia, haudhuru kitu, na mimi huuacha, kwa sababu wembe wa miaka mia uliong'arishwa kama kijiko kipya umepoteza ushahidi wa maisha yake. Mahali palipo na chapa usipitishe msasa hata kidogo. Herufi V na R ni za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, na hivyo wembe wako wa Sheffield kwa dalili hiyo ni wa karne ya 19. Angalia pia kama umeandikwa jina la nchi, yaani England: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka, na kwa hivyo wembe usio na jina la nchi mara nyingi hukisiwa kuwa ni wa kabla ya hapo, ingawa si kila kiwanda kilipeleka bidhaa zake Marekani.

Kuhusu mpini wa pembe ya ndovu, ikiwa ni pembe kweli, tafakari kidogo. Bandari yetu ya Unguja ilikuwa mlango mkubwa wa pembe katika karne hiyo, na viwanda vya visu vya Sheffield vilikuwa miongoni mwa walaji wakubwa wa pembe duniani. Siwezi kudai kwamba kipande ulicho nacho kilipita mbele ya forodha yetu, lakini mimi nikiushika wembe wa namna hiyo hunijia watu walioibeba pembe mabegani kutoka bara mpaka Bagamoyo. Usijaribu kuuza wala kuusafirisha nje ya nchi, kwa sababu mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ulipitisha mwaka 1989 marufuku ya biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na forodha nyingi hukamata hata vitu vya kale visivyo na hati.

Adui wa kudumu hapa visiwani ni hewa. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na wakati wa masika hata kitabu kilicho kabatini huota ukungu, sembuse chuma chenye kaboni karibu asilimia moja na kisicho na kinga yoyote. Usiweke wembe chooni, wala ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na ina asidi ya kutengenezea. Mimi huufuta kwa kitambaa kikavu, naupaka mafuta membamba, na kuutia katika kopo la bati linalofunga barabara pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wajapani hutunza panga zao kwa mafuta waitayo choji, na neno hilo kwa lugha yao ni karafuu: ni mafuta ya madini yaliyotiwa mafuta ya karafuu kidogo kwa ajili ya harufu. Sisi tunaokaa karibu na kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi tunaweza kuyachanganya wenyewe, tone moja au mawili kwa kichupa, na nikifungua kopo langu hunikumbusha majamvi ya karafuu wakati wa mavuno.

Kuhusu kununua, usivutwe kwanza na mpini wala na chuma chenye nakshi ya mawimbi. Mwombe mhunzi akupe vipimo viwili, upana wa bamba na unene wa mgongo, kwa sababu wembe hunolewa ukiwa umelala kabisa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa pamoja, na hivyo mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Bamba la upana wa milimita 20 lenye mgongo wa milimita 6 linatoa pembe ya nyuzi 17 hivi, na hapo ni pazuri. Mgongo ukiwa mwembamba mno makali yanavunjika, na ukiwa mnene mno wembe unasukuma ndevu badala ya kuzikata. Omba pia picha ya bamba likiwa limelazwa juu ya kioo, maana wembe uliopinda, hata uwe mzuri namna gani, utakutesa kila siku ya kunoa. Chuma rahisi chenye kaboni nyingi kilichopikwa vizuri nakipenda zaidi kuliko chuma cha fahari kilichopikwa na mtu asiyejua moto.

Na lile jiwe lako la manjano na kijivu, nina dhana kubwa kuwa ni kotikule ya Ubelgiji, inayochimbwa katika milima ya Ardennes, ambayo ndani yake mna chembe ndogo sana za johari nyekundu ziitwazo ganeti. Hilo hutumiwa kwa maji, si kwa mafuta. Lifunge kwa nguo na usiliangushe.

Bi Sabuni, Jambiani

Nimesoma kwa makini, na nitajibu upande wangu wa sabuni, kwa kuwa nyembe mimi sizijui.

Kaka yangu, utando mweupe unaobaki bakulini ndio sabuni yako yenyewe iliyokwisha kufa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yanayopita katika mwamba huo yanabeba chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni huigandisha, na sabuni iliyoganda haitoi povu. Kabla hujalaumu sabuni uliyoinunua kwa bei kubwa, jaribu kwa nusu kikombe tu cha maji ya mvua. Kunyoa hakutaki maji mengi ya povu. Uso unaweza kuosha kwa maji ya kisima, lakini brashi uichovye katika maji ya mvua, na utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni namna sabuni ilivyopikwa. Sabuni zetu nyingi za hapa, za mwani, za mdalasini, za mchaichai, hupikwa kwa mafuta ya nazi na magadi makali ya sodiamu, na kwa kuogea ni nzuri mno. Lakini nazi hutoa mapovu makubwa yanayopanda upesi na kupasuka upesi, na ikizidi hukausha ngozi. Sabuni ya kunyolea inataka povu zito kama malai, na uzito huo hutokana na asidi ya steariki, iliyo kwa wingi katika shahamu ya ng'ombe na kondoo, na pia huuzwa ikiwa imetengenezwa kutokana na mawese. Mimi hutumia steariki karibu nusu ya mafuta yote, nazi chini ya moja ya tano, na kinachobaki mafuta ya mbarika. Alikali, yaani hayo magadi makali, nachanganya mbili, ya potasiamu ikiwa zaidi kuliko ya sodiamu, kwa sababu potasiamu ndiyo inayoifanya sabuni ilainike na kuyeyuka kwa urahisi chini ya brashi. Kwa yeyote atakayejaribu: alikali hutiwa ndani ya maji, kamwe maji hayatiwi juu ya alikali, na macho yakingwe kwa miwani.

Mwani nao una kazi yake. Ukiuchemsha polepole, uwe wa aina ya kotonii au spinosum, hutoa ute mzito, na ute huo nikiutia katika sabuni ya kunyolea huongeza utelezi chini ya wembe, jambo ambalo povu peke yake halitoshi kulifanya. Sisi wanawake wa pwani ya mashariki tumelima mwani tangu mwaka 1989, na kwa muda mrefu tuliuuza mkavu kwa bei ndogo. Ninapoupika mwenyewe na kuukata vipande napata radhi ambayo bei ya gunia haikunipa kamwe.

Karafuu tafadhali iwe kidogo. Mafuta yake yanachoma, na ngozi iliyotoka kunyolewa ni kama ngozi iliyochubuka. Mimi sizidishi nusu ya asilimia moja, na kwa mtu mwenye ngozi nyepesi siitii kabisa.

Umenunua kutoka nje, kwa hiyo soma orodha ya viungo. Ukiona neno «tallowate» ni shahamu, ambayo kwa kawaida ni ya ng'ombe au kondoo bila ya kuelezwa ilichinjwa vipi. Ukiona «lardate» ni mafuta ya nguruwe. Brashi nazo nyingi za bei nafuu ni za manyoya ya nguruwe, na zile za bei ya juu ni za mnyama wa jamii ya nyegere, ambaye manyoya yake mengi hutoka Uchina. Siku hizi ziko brashi za nyuzi za kiwandani, laini sana na zinazokauka upesi, na katika unyevu wetu huko kukauka upesi ni neema, kwa sababu brashi isiyokauka huota ukungu. Kuna pia za manyoya ya farasi.

Mjukuu wa Kinyozi, Malindi

Nawashukuru nyote kutoka moyoni.

Bi Sabuni, jana alasiri nilikinga maji ya mvua kwenye sufuria, na leo asubuhi povu lilisimama mpaka nikamaliza shingo. Sikutarajia. Nimeangalia na brashi yangu, nayo ni ya nguruwe. Nimeiweka kando na nitaagiza ya nyuzi.

Maalim wa Wete, nilisugua ule mpini wa mabaka na harufu ya kafuri ilitoka wazi kabisa. Nimeutenga. Wembe wa Sheffield hauna jina la nchi, ni Sheffield tu. Kutu nyekundu imeanza kutoka kwa mafuta ya cherehani, na chini yake nimekuta weusi kama ulivyosema, nami nimeuacha. Ule wa nne nimeupima: zambarau inakaribia milimita mbili na nusu, kwa hiyo nimekubali kwamba umekwisha. Lililobaki ni kwamba sijui kutumia mkanda wa ngozi, na nachelea kuharibu wembe wa Solingen kwa kujifunzia.

Kinyozi Mstaafu, Kikwajuni

Mjukuu wangu, babu yako nilimjua kwa kazi yake, kwani vinyozi wa wakati ule tulikuwa tukijuana wote, na ngozi ya mkanda uliyo nayo huenda ina mkono wake ndani yake. Usiioshe. Ipake mafuta ya ng'ombe kidogo sana, uipitishe kiganja kila siku kwa wiki nzima mpaka irudi kuwa laini, na kama pana mikato midogo ukingoni isugue kwa msasa laini.

Kusugua wembe kwenye mkanda si kunoa. Jiwe linakata chuma, ngozi inanyoosha tu ule ukingo mwembamba uliopindika kwa kunyoa. Mkanda uvutwe kwa nguvu ya wastani usilegee, wembe ulale wote, mgongo na makali kwa pamoja, na uende ukitanguliza mgongo, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, makali yakipita juu hewani. Ukiyageuza kwa upande wa makali unakata ngozi na unaharibu wembe kwa mara moja. Mara 20 juu ya kitambaa cha turubai, mara 50 juu ya ngozi, kabla ya kunyoa na si baada yake. Haraka haitakiwi. Waliokuwa wakipiga mkanda kwa kishindo mbele ya wateja walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka 30 kwanza.

Ukinyoa, vuta ngozi kwa mkono wa pili, wembe uwe umeinuka kiasi cha nyuzi 30 kutoka kwenye shavu, na ufuate ndevu zinakolalia. Na wembe wa namna hii ni wa mtu mmoja. Sisi tuliwanyolea watu wengi kwa wembe mmoja kwa sababu hatukuyajua maradhi ya damu kama yanavyojulikana sasa. Mimi mwenyewe nilihamia kwenye kishikio cha wembe wa kubadilisha muda mrefu kabla sijastaafu, na nakuomba hizi za babu yako usimnyolee mtu mwingine, hata ndugu yako wa tumbo moja.

Ule wembe wa zambarau usiuweke kisandukuni kama maiti. Ndio utakaojifunzia mkanda, kwa maana siku za mwanzo utakata ngozi, kila mmoja wetu alikata. Usijifunzie lakini kwa mkanda wa babu yako; tafuta mkanda wa suruali wa ngozi nzima, wa zamani, usio na nakshi. Jumamosi baada ya sala ya alasiri mimi hukaa barazani kwangu. Njoo na wembe huo na mkanda wa suruali, nyembe nyingine uziache nyumbani.

Mjukuu wa Kinyozi, Malindi

Shikamoo mzee wangu. Nitakuja inshallah, na mkanda nimekwisha kuupata.